Je, wajua kwa nini transista mbili za namba moja hazitoi mkondo sawa?

Kioo cha mkondo ni saketi ndogo ya transista mbili: mkondo unaopita katika ya kwanza, ya pili huuiga. Hutumika sana katika vifaa vinavyoishi kwa betri ndogo, ambako kila maikroampea ina hesabu yake. Anayekijenga kwa mara ya kwanza huchukua transista mbili kutoka pakiti moja, kisha anapima na kukuta maikroampea 10 upande huu, 12 upande ule. Waya ziko sawa, rezista ni sahihi. Kosa liko wapi?

Liko ndani ya silikoni yenyewe. Katika transista yenye miguu ya beisi (inayodhibiti), kolekta (mkondo unakoingilia) na emita (unakotokea), mkondo haupandi polepole volteji ya beisi inapoongezwa. Kwenye joto la chumbani, milivolti 18 tu huuzidisha mara mbili, na milivolti 60 mara kumi. Katika kioo, transista zote mbili hupewa volteji ileile, hivyo zikitofautiana kimaumbile kwa milivolti 1 tu, mikondo hupishana kwa takriban asilimia 4. Joto nalo halisamehe: nyuzi moja ya Selsiasi ni sawa na milivolti 2 hivi. Bana transista moja kwa vidole huku unapima, utaona namba zikihama.

Ndiyo maana mimi ningetafuta kwanza pacha, yaani transista mbili zilizolinganishwa kiwandani na kufungwa katika ganda moja. BCM847 ni mfano mzuri. Tofauti yake haizidi milivolti 2. Lakini hata hizo 2 ni kosa la asilimia 8! Dawa ni kuweka rezista sawa chini ya kila emita. Kwa maikroampea 10, rezista ya kiloomu 10 hubeba milivolti 100, na kosa lile hushuka hadi chini ya asilimia 2. Gharama yake ni hizo milivolti 100 za betri, na kwa maoni yangu ni bei ndogo.

Kuna pia mkondo unaoibwa na beisi mbili. Beta, yaani uwiano wa mkondo wa kolekta kwa ule wa beisi, ikiwa 100, kioo hupungukiwa na asilimia 2. Usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa mwanzoni mwa jedwali la mtengenezaji: BC547C, transista ndogo ya kawaida, hutajwa kuwa na beta ya 420 hadi 800, lakini hiyo ni kwa miliampea 2. Kwa maikroampea 10 huwa karibu 270. Bado inatosha kabisa. Transista kubwa za nguvu ziache. Katika mikondo midogo hivi beta yao huporomoka.

Basi kwa nini tusitumie mosfeti, aina nyingine ya transista, ambayo geti yake (mguu unaodhibiti, kama beisi) hainywi mkondo wowote wa kudumu? Ndani ya chipu hutumika sana, kwa sababu mbunifu huzichora kubwa na kuzilaza ubavu kwa ubavu. Za kununua mojamoja ni habari nyingine. Volteji ya kizingiti, yaani ile ya geti ambayo mosfeti huanza kupitisha mkondo, kwa mosfeti ya 2N7000 inaruhusiwa kuwa popote kati ya volti 0.8 na 3, na katika maikroampea chache mosfeti nayo hupandisha mkondo kwa kasi ileile ya kuzidishana. Mbili za aina hiyo zaweza kupishana mara kumi au zaidi.