Ruzuku Hainunui Saruji: Tunayokosea Kuhusu Fedha za Miradi Huru ya Usanifu

Tangazo la ruzuku ya usanifu majengo likisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wachoraji hapa Nairobi, mtu hujibu haraka: "Nina ploti tayari, nitume ramani?" Naumia kila nikisoma jibu hilo, kwa sababu mara nyingi anayeuliza ana kipaji, na atakataliwa kwa jambo ambalo angelielewa mapema kama mtu angemweleza.

Ruzuku nyingi za aina hii hazijengi chochote. Graham Foundation ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1956 kwa urithi wa msanifu Ernest R. Graham, hupokea maombi ya watu binafsi hata kutoka nje ya Marekani, lakini inacholipia ni utafiti, maonyesho, vitabu na filamu. Mtu mmoja hapati zaidi ya dola 20,000, na gharama za ujenzi hazimo. Kinachonunuliwa ni muda: miezi ya kufuatilia swali ambalo hakuna mteja angekulipa ulifuatilie.

Kuna dada mmoja aliyeniletea andiko lake la kuombea ruzuku ya ukumbi wa jamii mtaani Kaloleni, hapa Nairobi, lenye picha za kompyuta zinazong'aa. Nilimwomba anipeleke kwanza kwenye nyumba zenyewe. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940, na wenyeji wameupanga upya kidogo kidogo kwa mikono yao. Tulipopima nyumba ya kwanza, mzee mwenye nyumba alishika ncha ya pili ya tepu, akatuonyesha mlango uliozibwa mwaka ambao binti yake alizaliwa, na jiko lililosukumwa nje familia ilipoongezeka. Swali la utafiti tukalipata pale pale: nyumba iliyochorwa na serikali ya kikoloni imebadilishwaje na waliopewa waishi humo? Andiko la pili halikuwa na ukumbi. Lilikuwa na tepu, nyumba kadhaa, na ratiba ya miezi sita. Nyumba za zamani za Pangani zimeshabomolewa kupisha maghorofa, kwa hiyo ratiba ile haikuwa mchezo.

"Ukijilipa mwenyewe utaonekana mwenye tamaa." Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, na mimi mwenyewe niliiamini. Katika ombi langu la kwanza niliweka bei ya kila kitu: uchapishaji, nauli ya matatu, kukodi kamera. Mbele ya jina langu niliandika sifuri. Nilidhani najinyenyekeza. Majibu yalipokuja kulikuwa na swali moja tu: utaishije miezi hiyo minane? Sikuwa na jibu, na wafadhili waliona hivyo. Anayesoma bajeti anatafuta dalili kwamba kazi itakamilika, na mtu asiyelipwa huiacha kazi siku ya kwanza anapopata kibarua cha kuchora maghorofa ya Ruaka. Soma masharti kwanza, maana wapo wafadhili wanaoweka kikomo kwenye malipo ya mwombaji. Wasipokataza, andika saa zako, zipe bei, ueleze ulivyoifikia. Muweke na mzee wa Kaloleni kwenye bajeti. Siku anayokufungulia nyumba na kukupa kumbukumbu zake ni siku ya kazi, na chai pekee haimlipi.

Je, lazima uwe umesajiliwa? Hapa watu huchanganya mambo mawili. Sheria ya Kenya, Sura ya 525, inalinda cheo cha msanifu majengo, na BORAQS, bodi ya usajili wa wasanifu na wakadiriaji majengo, ndiyo inayosajili. Usijiite hivyo kwenye ombi kama hujasajiliwa, maana ni kosa. Lakini ruzuku nyingi za utafiti hazidai usajili huo. Mpiga picha, mwandishi, fundi seremala wa Gikomba mwenye hoja kuhusu fanicha za mjini, wote wanaweza kuomba pale masharti yanapowaruhusu.

Halafu kuna imani kwamba wafadhili wa nje wanataka kuona umaskini tu, kwa hiyo kila andiko linaanzia Kibera hata kama mwandishi hajawahi kulala huko. Watazame Cave_bureau, ofisi ya usanifu ya hapa hapa Nairobi ya Kabage Karanja na Stella Mutegi. Wao walichagua mapango, yakiwemo yaliyowahifadhi wapiganaji wa Mau Mau, wakayauliza maswali ya usanifu. Mwaka 2025 walikuwa miongoni mwa walioandaa banda la Uingereza kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice, na banda hilo likapewa tuzo maalum ya kutambuliwa. Swali lao lilitoka kwenye ardhi wanayoijua. Ukilijua soko la Kamukunji kuliko mtu mwingine yeyote, anzia Kamukunji.

Tuzo na ruzuku pia si kitu kimoja. Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, yenye mfuko wa dola milioni 1, huwaendea waliokwisha kujenga na jengo likatumika. Huwezi kuiomba ili uanze.

La mwisho ni mahali unapoishi. Jimbo la New York lina ruzuku ya dola 10,000 kwa miradi huru ya usanifu na ubunifu, na jina lake limewavutia wengi hapa. Ni ya wakazi wa jimbo hilo. Nimemwona kijana akikesha wiki nzima akiijaza, na sharti la ukazi lilikuwa limeandikwa wazi kwenye maelezo. Soma kipengele cha nani anaruhusiwa kabla hujafungua fomu. Kikidai taasisi iliyosajiliwa nawe uko peke yako, tafuta kituo cha sanaa au shirika litakalopokea fedha kwa niaba yako, na mwandikiane mapema atakata asilimia ngapi, atakutolea fedha lini, na michoro itabaki mali ya nani.