Mfalme akibaki peke yake, hakuna "hatua 16"

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya wacheza sataranji miaka nenda rudi: ukibakiwa na mfalme tu, mwenzako ana hatua 16 za kukufunga, zikiisha ni sare. Aliyewahi kusimamia klabu ya mtaa anaujua ugomvi wake. Mmoja anahesabu kwa sauti, "kumi na nne, kumi na tano", mwenzake anaapa ni kumi na mbili.

Sheria za kimataifa za sataranji hazina kanuni hiyo. Iliyomo, kifungu 9.3, ni ya hatua 50: kila mchezaji akicheza 50 mfululizo bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, anayetaka sare anaidai kwa mwamuzi. Kete ikiliwa au askari akisogea, hesabu inaanza upya.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Kila upande huanza na kete 16, na makruk, sataranji ya Thailand, ina hesabu ya 16 pale mmoja anapobaki na mfalme tu na mpinzani wake ana ngome moja. Tena kwenye sataranji yetu ya kawaida ngome moja na mfalme hufunga kwa hatua zisizozidi 16. Ila askofu na farasi huweza kuhitaji 33. Kwa kanuni ya mtaani, mwenye haki ya kushinda angedhulumiwa.

Hakikisha mwenyewe: kwenye programu ya simu, mwachie mpinzani mfalme tu, kisha zungusha ngome yako ovyo, bila kurudia mpangilio uleule wala kuiacha iliwe. Hatua ya 17 inafika na mchezo unaendelea.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali uishie kwako. Klabu ikipenda kanuni yake, iibandike ukutani kabla ya raundi ya kwanza.