Korona iliisha lakini mwili bado: serikali ya Uganda inakusaidia na nini?

Hii korona ya muda mrefu ni kitu gani hasa?

Ni ile mtandaoni wanaita long Covid. Korona imepita, lakini miezi 3 baadaye bado uko na uchovu ambao hata ukilala hauishi, pumzi inakata, unasahau sahau, moyo unadunda ovyo. WHO, shirika la afya duniani, walieleza Oktoba 2021 kwamba dalili ziwe zimekaa angalau miezi 2, na kusiwe na ugonjwa mwingine unaozileta.

Kuna pesa ya serikali kwa wagonjwa hawa?

Hapana, hakuna. Mtu akikuambia utoe kidogo akusajili, huyo ni mwizi. Ile shilingi laki moja serikali iliyotuma kwenye simu 2021 ilikuwa ya lokidauni, ikaishia hapo. SAGE nayo, ile pesa ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi, ni ya wazee, haiangalii unaumwa nini. Na bima ya afya ya taifa, bunge lilipitisha muswada 2021 lakini rais hakutia sahihi, ndio hivyo.

Sasa msaada uko wapi?

Kwanza matibabu. Ada kwenye vituo vya serikali ilifutwa 2001, ukiondoa wodi za kulipia, kwa hiyo anza kituo cha afya cha serikali cha karibu, Health Centre III au IV, wakishindwa wakuandikie rufaa. Dawa kuisha stoo ni kawaida, tusidanganyane, utatumwa ukanunue nje. Ila vipimo usiviruke: TB, HIV, sukari, presha, upungufu wa damu, maana yote hayo yanachosha mwili vile vile. Kikohozi kikipita wiki 2 usikubali kuambiwa ni korona ya zamani kabla hujatoa makohozi yapimwe, TB kwetu ipo na kwenye vituo vya serikali kupima ni bure na dawa zake bure.

Halafu lile daftari la shule ambalo daktari anaandikia, litunze jamani! Watu wanafika na daftari jipya kila mara sababu la zamani mtoto kafanyia hesabu, sasa daktari atajuaje ulianza kuumwa lini? Na mbele huko, kazini na NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, karatasi ndio inaongea.

Sikupimwa korona wakati ule, wataniamini?

Maelezo ya WHO yanakubali hata anayedhaniwa aliugua. Sema ilikuwa mwezi gani, nani mwingine nyumbani aliugua, na kama pua ilipoteza harufu.

Naambiwa nikimbie asubuhi nitoe jasho, ni sawa?

Pole pole kwanza. Kama kazi ndogo ya leo inakulaza kitandani kesho siku nzima, kujilazimisha kutakuumiza zaidi. Menya matooke umekaa, fua nguo chache, pumzika kabla hujachoka. Kifua kikiuma sana au ukizimia, hospitali siku hiyo hiyo.

Bosi anataka kunifukuza kwa kukosa kazini.

Sheria ya ajira ya 2006 inasema ukishafanya kazi mwezi mmoja au zaidi halafu ukaugua, mwezi wa kwanza wa kuumwa unalipwa mshahara wote. Ukipita mwezi wa pili bado unaumwa, hapo anaruhusiwa kukuachisha akifuata mkataba. Kwa hiyo mjulishe mapema, na upate barua ya daktari inayosema unaumwa tangu lini mpaka lini, sio ya maneno mawili tu.

Na NSSF?

Kuna malipo ya mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa, ripoti ya daktari inatakiwa. Pia tangu sheria ya 2022, mwenye miaka 45 na ameweka akiba miaka 10 anaweza kutoa asilimia 20 ya akiba yake, na mwenye ulemavu anaanza miaka 40, anatoa asilimia 50.

Mimi ni wa boda boda, sina bosi wala NSSF.

Basi kwako imebaki hospitali ya bure, na ni kidogo, najua. Ila kama hali imekuwa ulemavu kabisa na daktari kaandika hivyo, muone CDO, yule afisa wa maendeleo ya jamii wa sub-county, kuna ruzuku ya serikali kwa vikundi vya watu wenye ulemavu, na yeye ndiye anajua kikundi kipi cha kujiunga.