“Nimefanya mazoezi ya kwenye simu, hayasaidii”: dhana potofu kuhusu kuvujwa na mkojo na choo

Wiki iliyopita nimeisikia tena, mara tatu ndani ya siku mbili: “Daktari, yale mazoezi ya kwenye simu nimeyafanya, hayasaidii. Nipe dawa.” Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Kutwa nashinda na wanawake wanaovujwa na mkojo wakicheka, wakipiga chafya au wakijitwisha ndoo, na wengine ambao choo kinawatoka kabla hawajafika msalani. Kauli hiyo inaniuma kuliko zote, kwa sababu anayeitoa amejitahidi kweli, halafu anaondoka akiamini mwili wake ndio umeshindikana.

Dhana: Programu za mtandaoni ni za kujifariji tu

Si kweli. Chuo Kikuu cha Umeå, Uswidi, kilitengeneza programu ya simu ya kufundisha mazoezi ya misuli ya nyonga, yaani ile ya msamba inayozuia mkojo na choo, kikaijaribu kwa wanawake 123 wanaovujwa wakikohoa au wakiruka. Wengine walipewa programu, wengine wakawekwa wasubiri. Matokeo yalichapishwa 2017: baada ya miezi 3, waliofuata programu walikuwa na nafuu ya wazi kuliko waliosubiri, na wala hawakuwa wamekutanishwa na mtaalamu ana kwa ana. Simu, mazoezi na kumbusho la kila siku, basi.

Sasa kwa nini wangu wanarudi wakilalamika? Sababu ya kwanza nimeiona kwa macho yangu mara nyingi mno. Mama mmoja, mwalimu, aliweka simu yake mezani kwangu. Programu ilikuwa inamhesabia: kaza, legeza, kaza, legeza. Alikuwa ameifuata wiki tano bila kuruka siku. Nikamwomba alale chali anionyeshe. Simu iliposema kaza, akabana pumzi, mishipa ya shingo ikamsimama, tumbo likatuna na msamba ukashuka. Alikuwa anajikamua kama mzazi anayesukuma mtoto. Kwa wiki tano, mara tatu kwa siku, alikuwa akiisukuma chini misuli ileile aliyotaka kuiimarisha, na simu haina macho ya kumwambia.

Msimlaumu. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwaeleza wanawake 47 kwa maneno tu jinsi ya kukaza, kisha wakawapima. Karibu nusu ndio walioweza sawasawa. Robo walikuwa wakifanya kwa namna inayoweza hata kuongeza kuvuja. Na Arnold Kegel mwenyewe, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeyaeleza mazoezi haya mwaka 1948 na ambaye yanaitwa kwa jina lake, hakumwacha mgonjwa akisie: alitumia kifaa cha kupima mkazo ukeni, mwanamke akaona mshale unavyopanda akikaza. Watu walichukua mazoezi yake, kipimo wakakiacha.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza “anza” kwenye programu yoyote, jikague. Jifungie chumbani, lala chali, kunja magoti, shika kioo kidogo. Jifanye unazuia ushuzi usitoke mbele za wakwe. Njia ya haja kubwa ijikunje na msamba uingie ndani na kupanda juu. Ukiona unatuna kuja kwenye kioo, unasukuma. Acha, pumua, anza upya. Weka kiganja tumboni: chini ya kitovu patajikaza kidogo, lakini tumbo lisitune. Makalio na mapaja yalegee. Mimi huwaambia wakaze huku wakitoa pumzi taratibu, kama wanapuliza chai ya moto, maana anayetoa pumzi ni vigumu kujikamua. Ukijaribu siku kadhaa usihisi kitu kikipanda, hapo ndipo unahitaji mtu wa kukupima kwa mkono. Mara moja au mbili yatosha, kisha rudi kwenye programu yako.

Sababu ya pili ni haraka. Mtu anafanya wiki mbili, anaacha! Misuli haijengeki kwa wiki mbili, ya nyonga wala ya mkono. Kiwango tunachofuata ni kukaza angalau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo 3 kwa siku, kwa miezi 3 isiyopungua. Kuna kimoja tu kinachoweza kukupa nafuu mapema: kaza kabla hujakohoa, kabla hujapiga chafya, kabla hujainua ndoo, na ushikilie mpaka kishindo kipite. Yule mwalimu nilimfundisha hilo palepale. Alikohoa mara tatu mbele yangu, mkono uko tumboni, ya tatu akanitazama bila kusema neno. Alikuwa mkavu.

Na video zinazofundisha kukata mkojo katikati kila uendapo haja ndogo, ziacheni. Kukata mara moja kunaweza kukuonyesha msuli uko wapi. Ukiligeuza zoezi la kila siku, unakivuruga kibofu, kinaacha kujimaliza vizuri.

Dhana: Ni UTI sugu

Hii inashika nafasi ya pili. Mwanamke anavujwa akicheka, anakwenda duka la dawa, anapewa dozi. Mwezi ujao dozi nyingine. UTI inaweza kukuletea mkojo wa ghafla na maumivu, ndiyo maana mkojo unapimwa. Lakini mkojo unaotoka kwa kikohozi, bila homa wala maumivu, na kipimo ni safi, hautibiwi kwa antibayotiki. Unatengeneza usugu wa dawa bure, na suruali bado inalowa.

Dhana: Hukukandwa vizuri ulipojifungua

Bibi zetu nawaheshimu, na maji ya moto yanampumzisha mzazi. Ila kukandwa hakuimarishi misuli ya msamba, na kulifunga tumbo kwa kanga mpaka unashindwa kupumua kunasukuma mzigo chini, kwenye misuli iliyotoka kunyooshwa na kichwa cha mtoto. Usimbebeshe binti lawama kwamba alikimbia maji ya moto.

Dhana: Punguza maji, mkojo utapungua

Mkojo mzito unakiwasha kibofu, na choo kinakuwa kigumu. Kunywa maji yako, punguza chai na kahawa, hasa jioni. Chai ya rangi vikombe vinne kwa siku halafu unashangaa unakimbilia msalani? Andika siku tatu mfululizo: umekunywa nini, umekwenda haja mara ngapi, umevuja ukifanya nini. Programu nzuri ina daftari hilo ndani yake. Wanaokimbizwa na mkojo wajizoeze kuchelewesha kwenda msalani, dakika chache chache, kwa wiki 6 hivi.

Dhana: Choo kikivuja, meza dawa ya kufunga kuhara

Ngoja kwanza. Wengi wanaovujwa choo chepesi, hasa wazee, wana choo kigumu kilichoziba ndani, na chepesi kinapenya pembeni. Ukifunga, unaziba zaidi. Anza na kulainisha choo, na usijikamue. Mwenye choo cha kuchuchumaa ana mkao mzuri tayari. Mwenye cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu. Uliyechanika wakati wa kujifungua mpaka njia ya haja kubwa, nenda ukapimwe hata kama ni miaka kumi imepita.

Dhana: Kila kuvuja kunatibika kwa mazoezi

Hapa nawaomba msikilize. Ukivuja mfululizo, usiku na mchana, umekaa au umelala, tangu uchungu wa muda mrefu au upasuaji, hiyo huenda ni fistula. Ni tundu kati ya njia ya mkojo na uke, na hakuna kukaza kutakakoliziba tundu. Kuna wanawake wamepoteza miaka wakijificha, wanaswali peke yao, hawapandi daladala, na matibabu yapo: hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo kwa miaka mingi. Damu kwenye mkojo nayo haisubiri programu. Na ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ghafla, pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kugoma kutoka, zima simu uende hospitali usiku huohuo.