Kurd Lasswitz, ticha wa Gotha aliyewaweka Wajerumani chini ya ukoloni

Mi nafundisha fasihi ya Kijerumani, na ukitaja saifai (hadithi za kubuni za kisayansi) ya kule wengi wanarukia roketi na sinema za kimya, ila mtu wa kuanza naye ni Kurd Lasswitz. Kazaliwa 1848 Breslau, ambayo leo ni Wrocław ya Poland, akasomea fizikia, kisha kuanzia 1876 akawa ticha kwenye sekondari moja ya Gotha, mji mdogo tu, na uhai wake ukaisha 1910 yuko hapohapo.

Kitabu chake kikubwa ni Auf zwei Planeten (Kwenye Sayari Mbili), 1897. Wajerumani watatu wanaenda Ncha ya Kaskazini kwa puto, kufika wanakuta watu wa Mars washajenga zamani, na juu ya ncha wana kituo kinaelea angani, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka ardhini, na hiyo ni miaka 60 kabla ya satelaiti ya kwanza!

Ila kinachonishika mimi ni siasa. Hawa sio wale wauaji kutoka Mars wa H. G. Wells, mwandishi wa Kiingereza, ambaye stori yake The War of the Worlds ilianza kutoka mwaka huohuo. Hawa wamestaarabika, wamesoma, wana maadili ya Kant kabisa, yule mwanafalsafa wa Kijerumani wa wajibu na utu, na ndo balaa lenyewe, maana wanaishinda Uingereza, wanaiweka Ulaya chini ya himaya yao, wanapunguza majeshi, wanawarudisha watu wazima shule kwa lazima, eti kwa faida yao, na kadiri wanavyotawala ndo wanavyozidi kuwa wababe. Sasa kumbuka 1897 Wajerumani wako Dar es Salaam na bado wanamsaka Mkwawa kule Uhehe. Sisemi Lasswitz alikuwa anatuwaza sisi, lakini msomaji wa Berlin alijikuta kakalishwa upande wa mtawaliwa. Wanazi baadaye wakakipiga marufuku, waliona kina demokrasia mno.

Kusoma chenyewe, nisidanganye, kinachosha, watu wanahutubiana kurasa na kurasa. Hadithi fupi ndo tamu. Die Universalbibliothek (Maktaba ya Vitabu Vyote) ya 1904 ni profesa anapiga hesabu sebuleni: chukua alama 100 za uchapaji, kila kitabu kiwe na alama milioni moja, panga kila mpangilio unaowezekana, unapata vitabu idadi yake ni 1 yenye sifuri milioni mbili nyuma. Borges, mwandishi wa Argentina, aliitaja 1939, kisha akajenga maktaba yake mwenyewe kwenye hadithi. Kwenye maktaba ya Lasswitz kuna kila ukweli utakaowahi kuandikwa, pamoja na uongo wake wote, na hata katalogi ipo, ila imezungukwa na katalogi feki zisizohesabika.