Yanayosemwa kuhusu ngazi za mbao ngumu, na ukweli wake

Kwetu mbao ni kazi ya ukoo. Baba mkubwa anakereza nguzo, baba anakata vidato, binamu zangu wanapiga msasa na vanishi, na shangazi ndiye mwenye daftari la oda. Tunatengeneza sehemu za ngazi za ndani ya nyumba basi: vidato, reli za kushikia, nguzo kuu za mwanzo na mwisho, na vinguzo vya katikati. Mteja akija, huja na jambo aliloambiwa na jirani, fundi mwashi au shemeji yake. Mengi ya mambo hayo ni kweli. Yafuatayo si kweli, na baadhi yake huwapotezea watu fedha au huwaangusha.

"Mbao ngumu ni ile isiyoingia msumari"

Mgawanyo wa mbao ngumu na mbao laini unatokana na aina ya mti. Miti yenye maua, ambayo mingi ina majani mapana, hutoa mbao zinazoitwa ngumu. Misonobari na jamaa zake hutoa zinazoitwa laini. Ndiyo maana mkaratusi umo katika kundi la mbao ngumu, na balsa pia umo, ingawa ubao wake ni mwepesi kiasi cha kutengenezewa vindege vya kuchezea.

Ugumu wenyewe hupimwa kwa njia iliyoanzishwa na Gabriel Janka wa Austria mwaka 1906: kitufe cha chuma chenye kipenyo cha milimita 11.28 husukumwa ndani ya ubao hadi nusu yake, na nguvu iliyotumika inaandikwa. Mvule hupata kama kilonyutoni 5.6, karibu sawa na mwaloni mwekundu ambao Wamarekani wanautumia sana kwa ngazi zao. Mpingo unazidi 16. Hata hivyo hakuna anayejenga ngazi ya mpingo, kwa sababu mti huo ni mdogo, umepinda, unakua polepole mno, na ubao wake una thamani kubwa zaidi kwa klarineti na vinyago. Kwa miguu ya familia, mtiki, mninga na mvule inatosha kabisa. Tukizidisha ugumu, wa kwanza kuumia ni msumeno. Hata mvule wenyewe, wakati mwingine, huwa na vipande vya mawe ya chokaa ndani ya mbao, na meno ya msumeno yakikutana navyo kazi inasimama.

"Ikikaa juani mwezi mmoja imekauka"

Hapa ndipo ngazi nyingi zinapoharibikia, kabla hata fundi hajashika randa.

Mti uliokatwa karibuni una maji ya aina mbili: yaliyo huru ndani ya matundu ya mbao, na yaliyoshikamana na kuta za nyuzi. Yale huru yakitoka, ubao unakuwa mwepesi lakini hausinyai. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, maji ya kwenye kuta nayo huanza kutoka, na hapo ubao hupungua. Haupungui sawasawa. Kwa urefu karibu haubadiliki. Kwa kufuata mzunguko wa pete za mti hupungua takriban mara mbili ya unavyopungua kutoka katikati kwenda nje. Kupinda na kupasuka kunatokana na tofauti hiyo.

Chukua kidato cha mtiki chenye upana wa milimita 280, kilichopasuliwa kwa ubapa, yaani pete za mti zimelala karibu sambamba na uso wake. Kikifungwa kikiwa na unyevu wa asilimia 18, kisha kikashuka hadi 10 katika nyumba yenye kiyoyozi, kitapungua kama milimita 4. Na mtiki ni mti mtulivu! Mwaloni mwekundu katika hali hiyohiyo ungepungua zaidi ya milimita 6. Nafasi ya namna hiyo ndiyo inayofanya kidato kilie kila kinapokanyagwa.

Jua kali hukausha ngozi ya ubao huku ndani kukiwa bado kubichi, na ubao unapasuka. Ubao hukaushwa kivulini, juu ya ardhi, ukipangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Mafundi wa zamani walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Tanuri la kukaushia hufupisha muda huo kuwa wiki kadhaa, lakini moto wake usipodhibitiwa huharibu mbao vilevile.

Uhakika unapatikana kwa kupima. Kata kipande, kipime uzito, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito ukome kushuka. Uzito uliopotea ugawe kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya unyevu. Kipimo cha umeme chenye sindano mbili kinafanya haraka zaidi. Muuzaji asiyekubali mbao zake zipimwe, mimi ningemwacha.

"Kidato cha ubao mmoja ni imara kuliko cha kuunganisha"

Watu wanaamini kuunganisha ni ujanja wa kutumia mabaki. Ubao mmoja mpana hubeba nguvu zake zote za kupinda upande mmoja; vipande vyembamba vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu hugawana nguvu hizo, na kidato hutulia. Gundi nyeupe ya seremala, ikibanwa vizuri juu ya kingo zilizopigwa randa sawasawa, hushika kiasi kwamba ukivunja, mara nyingi mbao hupasuka pembeni mwa ungio. Isipokuwa hili: gundi haishiki vyema kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapokatwa. Hapo lazima pawe na ulimi na tundu lake.

"Mbao ngumu hailiwi na wadudu"

Kiini cha mvule na cha mninga hustahimili mchwa vizuri. Ubao mweupe wa nje, ulio kati ya kiini na gome, haustahimili, una wanga, na dudu wanaogeuza mbao kuwa unga huutafuta huo. Kidato chenye mstari mweupe pembeni kikatae, au hakikisha kimetiwa dawa.

"Mninga umepigwa marufuku"

Mwezi Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliingiza miti ya Afrika ya jamii za mninga, mkongo na mkangazi katika Kiambatisho cha II. Maana yake ni kwamba mbao zake zikivuka mpaka wa nchi zinahitaji kibali kinachoonyesha zilipatikana kihalali na bila kumaliza miti. Si katazo. Ndani ya Tanzania, mbao za msituni zina taratibu zake chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, pamoja na hati ya kusafirishia. Iombe. Kuna pia mtiki wa kupandwa, kama wa Longuza kule Muheza, na naona mwenye kujenga leo angeufikiria kwanza. Mninga unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasua kidato.

"Kimo cha kidato anaamua fundi"

Mguu ndio unaoamua. Mfaransa François Blondel aliliona hilo karne ya 17: vimo viwili jumlisha upana mmoja wa kukanyagia vilingane na hatua ya mtu. Uingereza inataka jumla hiyo iwe kati ya milimita 550 na 700, na katika ngazi ya nyumba binafsi kimo kisizidi 220. Kimo cha 175 na upana wa 280 hutoa 630, na hata bibi hupanda bila kuhema.

Kubwa kuliko yote ni usawa. Kanuni za nyumba za Marekani haziruhusu vimo vya ngazi moja vitofautiane zaidi ya milimita 9.5, kwa kuwa mguu ukishazoea hatua mbili tatu huacha kuuliza. Kwetu kosa hutokea hivi: ngazi inapimwa sakafu ikiwa tupu, kisha marumaru inawekwa na saruji yake, na kidato cha kwanza kinakuwa kifupi kwa sentimita nne au tano. Mtu anajikwaa palepale kila siku, analaumu viatu. Mwambie mtengenezaji unene wa sakafu ya mwisho, ya chini na ya juu, kabla hajakata chochote.

"Ngazi ya mbao ni kuni zinazosubiri moto"

Mbao ngumu nzito huungua kwa kasi ya takriban nusu milimita kwa dakika, na mkaa unaojitengeneza juu huilinda sehemu ya ndani. Chuma kisicho na kinga hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kikifika nyuzi 550 hadi 600. Lakini vinguzo vyembamba huisha upesi, na moshi hupanda kupitia nafasi ya ngazi ya aina yoyote ile, hivyo nyumba bado inahitaji njia nyingine ya kutokea.

"Vumbi la mbao ni la asili, halina madhara"

Hili naliandikia mafundi wenzangu, hasa wanaofanya kazi na watoto wao. Miaka ya 1960, madaktari wa Uingereza waligundua kwamba saratani ya pua iliwapata watengeneza samani wa eneo la High Wycombe kupita kiasi cha kawaida. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Vumbi la mvule, zaidi ya hapo, huwasha ngozi na kubana kifua. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe ndogo. Barakoa halisi, feni ya kuvuta vumbi na mlango wazi ni vifaa vya kazi sawa na patasi. Na mtoto asifagie karakana.

"Kinguzo kikivunjika, badilisha vyote"

Karakana ya familia hutunza violezo. Vyetu vimetundikwa ukutani, vingine vilikatwa na babu, na kwa kila kimoja mkerezaji hupima upya kina cha kila mviringo. Hata kama ngazi yako haikutoka kwetu, leta kinguzo kimoja kizima au vipande vya kile kilichovunjika, pamoja na jina la mti kama unalijua. Rangi ya vanishi haitalingana mara moja. Mninga na mtiki hubadilika rangi kwa mwanga, na kipya kitachukua miezi kukaribiana na vya zamani.