Saruji haiponyi ukuta wa Mji Mkongwe

Masika yakikatika, kuanzia Malindi hadi Vuga, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mambo ni yale yale: lipu imebambuka chini ya ukuta, mwenye nyumba kaita fundi, fundi kaja na mifuko ya saruji. "Chokaa ni mambo ya kizamani, haina nguvu. Piga saruji, utasahau." Hutasahau kitu. Masika ya pili au ya tatu lipu ile imevimba, ukiigonga inalia kama debe tupu, na unyevu uliokuwa usawa wa goti sasa uko kifuani.

Dhana hii ndiyo inayokula nyumba nyingi kuliko zote, kwa hiyo tuikalie.

Ukuta wa Mji Mkongwe si wa matofali. Una unene wa sentimita 50 hadi 80, nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Chini hauna kizuizi chochote cha maji. Hunywa maji ya ardhini na kuyatoa usoni, na lipu ya chokaa huyaacha yapite yakauke. Saruji huyafungia. Maji yakifungiwa hayaishi. Hupanda mpaka yapate pa kutokea, yaani pale saruji inapokomea. Yanapanda na chumvi, na fundi aliyechota mchanga ufukweni kaiongeza mwenyewe. Maji yakikauka, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Ndiyo ule unga mweupe mnaoufuta kwa kitambaa kila wiki.

Kuna na ugumu wa saruji. Ukuta wa mawe na chokaa hucheza kidogo kwa joto na unyevu. Saruji haichezi, hupasuka. Nyufa nyembamba kama unywele zinatosha mvua kuingia, lakini hazitoshi ukuta kukauka. Maji hayo hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Kichwa kikiwa kibichi mwaka mzima, huoza au huliwa na mchwa, na dari huanza kulegea. Hapo mwenye nyumba hulaumu boriti, wakati kosa lilikuwa lipu ya nje iliyopigwa miaka kumi nyuma.

"Lakini chokaa inamomonyoka!" Ndiyo, na hiyo ndiyo kazi yake: imomonyoke yenyewe, jiwe libaki. Lipu ni nguo ya ukuta, na nguo hubadilishwa.

Wapo wanaojiona wamekuwa wajanja: wanatia saruji kidogo tu kwenye chokaa "ishike haraka". Saruji kidogo haiipi chokaa nguvu. Inaifanya ijidai imeshika kabla haijashika, na unachopata si saruji wala chokaa. Mahali penye maji mengi, tia unga wa matofali ya udongo yaliyochomwa, nusu karai kwa kila karai la chokaa. Unaisaidia chokaa kushika hata penye unyevu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chukua kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kusimamisha jukwaa. Toa saruji ya zamani kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa mashine, maana mtikisiko huachanisha uso wa ukuta na tumbo lake. Kisha uache ukuta upumue. Wiki kadhaa ni chache, miezi ni bora. Kwangua viungo kina cha sentimita 2 au 3, piga brashi, lowesha, halafu jaza kwa chokaa na vijiwe. Usijaze chokaa tupu kwenye shimo kubwa, itasinyaa.

Mchanganyiko ni karai 1 la chokaa kwa karai 3 za mchanga msafi wenye chenga kali. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulala chini ya maji miezi 3 angalau. Ikiwa changa, punje ambazo hazikuzimika zitafumuka ukutani na kuacha vijishimo kama ndui. Piga tabaka mbili au tatu, kila moja milimita 10 hadi 15, na kati yake subiri wiki moja au zaidi. Funika kwa magunia mabichi yasikauke. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa polepole, na lazima iwe na unyevu kidogo ili iivute. Inayoachwa kwenye jua la saa saba mchana hugeuka vumbi, halafu mnasema chokaa mbovu. Mbovu ni haraka yenu.

Malizia kwa chokaa ya maji, mikono minne au mitano myepesi. Rangi ya plastiki juu ya lipu ya chokaa inarudisha tatizo lile lile la saruji, safari hii kwa rangi nzuri.

Dhana nyingine nazo zipo. "Boriti zikioza, mwaga zege." Sakafu ya zamani nayo ni nzito, kwa hiyo uzito si hoja peke yake. Ila kumwaga zege kunataka ukuta uchimbwe mfereji pande zote, na ukuta uliokwisha kulainika haustahimili. Nondo nazo, kwenye hewa ya bahari, huota kutu, hutanuka na kuipasua zege. Badilisha boriti kwa boriti, ya unene ule ule, iliyokauka, na kila upande iingie ukutani sentimita 20 au zaidi. Chumba chembamba kina sababu: upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti.

"Nyumba ilianguka ghafla kwa mvua." Hakuna ghafla. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na mafundi wawili wakafa. Lakini vipande vyake vilikwisha kuanguka tangu 2012. Mvua humalizia tu. Tazama paa kabla ya masika: bati lililotoboka, mfereji uliojaa majani, bomba la kiyoyozi linalodondokea pale pale ukutani mchana na usiku. Refusha bomba hilo kwa kipande cha mpira, kazi ya robo saa. Na tangi la lita 2,000 juu ya dari ni tani 2 za maji. Liweke juu ya ukuta mnene, kamwe si katikati ya boriti.

"Ufa wowote ni hatari." Hapana. Bandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa plasta ya jasi, andika tarehe. Kioo kikipasuka, ufa unatembea. Ulio mpana juu kuliko chini, au ukuta uliotoa kitambi, usisubiri kioo: wahamishe watu, tia mihimili.

"Misumari ya shaba mlangoni ni ya kuzuia tembo." Hadithi ya Bara Hindi hiyo, waachieni watembeza wageni. Anayekula mlango wenu ni mchwa: chomeni sehemu ya chini ya fremu kwa bisibisi, ikizama bila kusukumwa, seremala aitwe wiki hii.